Udugu wa Omukago na Udugu wa Ubatizo: Habari za Utumishi wa Wanaume Wakatoliki katika Nchi ya Karagwe

Mwalimu wa dini anayekaa katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa hujifunza upesi desturi moja ambayo hakuna kitabu kilichoiagiza. Mtu akifa, wanaume wa jirani huacha kazi ya shamba, hushika majembe, na kuchimba kaburi katika kibanja cha marehemu. Wengine hupasua kuni, wengine huenda kupeleka habari, wengine hukesha na wafiwa. Ukiwauliza kwa nini wafanya hivyo, Mkristo atataja jina la Mungu na mapendo ya jirani. Lakini mzee asiye Mkristo, aliyeshika jembe kando yake, afanya kazi ile ile, naye atajibu ya kuwa ndivyo watu wanavyoishi. Basi hapo pana neno la kuchunguza. Utumishi wa wanaume katika parokia zetu umetoka wapi? Ni mti uliopandwa na misioni, au ni mti wa kale uliopandikizwa tawi jipya? Tena, tawi hilo limezaa matunda gani, na lipi halijazaa bado? Maswali hayo ndiyo twataka kuyajibu, kwa kuwa mwalimu asiyejua asili ya udugu wa watu wake hawezi kuuongoza.

Nchi tunayoisema ni ile ya Wanyambo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihaya na ya Kinyankole. Kata ya Bugomora imo katika wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Nayo wilaya hiyo yapakana na Uganda na Rwanda, mto Kagera ukiwa mpaka. Kwa mambo ya Kanisa nchi hii imo katika jimbo la Kayanga, lililokatwa katika jimbo la Rulenge mwaka 2008. Zamani ilikuwa ufalme wa Karagwe chini ya watawala wa ukoo wa Bahinda. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipokewa huko na mfalme Rumanyika, na habari ya ukarimu wake ikasomwa hata Ulaya. Twataja jambo hilo ili msomaji akumbuke ya kuwa kumpokea mgeni lilikuwa neno la heshima katika nchi hii kabla padri wa kwanza hajafika.

Walakini ukarimu kwa mgeni ni jambo moja, na udugu ni jambo jingine. Mgeni hulishwa, hulazwa, husindikizwa, kisha huenda zake. Ndugu hana siku ya kuondoka. Kwa watu wa pande hizi ndugu alikuwa kwanza mtu wa ukoo mmoja, yaani wa *oruganda* moja. Nje ya ukoo palikuwa na njia moja kubwa ya kumfanya mtu baki awe ndugu, nayo ndiyo *omukago*. Neno hili lajulikana toka Buganda hata Ankole na Buhaya. Katika Kiswahili cha pwani jambo lililo karibu nalo huitwa udugu wa kuchanjiana.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Wanaume wawili waliketi wakitazamana mbele ya mashahidi. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, buni ya kahawa ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Kahawa haikuchaguliwa bure. Tunda moja la kahawa huwa na punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo ndani ya ganda moja, na mfano huo hauhitaji kufasiriwa. Tangu siku ile mmoja alikuwa *omunywani* wa mwenziwe. Neno hilo latokana na *okunywana*, na ndani yake limo tendo la kunywa: ni watu waliokunywana. Siku hizi wengi husema *omunywani* wakimaanisha rafiki tu, wala hawakumbuki damu. Lakini neno lenyewe limehifadhi yale ambayo wasemaji wameyasahau.

Wajibu wa *omukago* haukuwa mdogo. Mwenzako akija usiku, humwulizi ana shida gani kabla hujamfungulia. Akipungukiwa na chakula, chako ni chake. Akiwa na kesi, wasimama naye. Akifa, wawatazama watoto wake kama wako. Tena kiapo hicho hakikulindwa na askari wala hakimu; kililindwa na hofu ya laana, maana damu iliyomezwa yaaminiwa kuwa hai tumboni, nayo humgeukia msaliti. Mkristo hawezi kuishiriki hofu hiyo. Lakini ni vigumu kuisoma orodha ya wajibu huo pasipo kukiri ya kuwa watu hawa walijua maana ya kumbeba mwenzako mizigo.

Hata hivyo udugu huo ulikuwa na ukuta. Uliwafunga watu wawili waliochaguana, pamoja na jamaa zao. Aliyechaguliwa alikuwa mtu mwenye kufaa: jirani mwema, mfanya biashara wa safari, mtu ambaye msaada wake ungerudi siku moja. Maskini asiye na kitu cha kurudisha, mgonjwa wa ukoma, mtu wa kuja asiyejulikana baba yake, ni nani angekata ngozi yake kwa ajili yao? Tena *omunywani* alipaswa kumtetea mwenzake hata alipokuwa na kosa. Basi udugu ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa mwembamba, kama kamba iliyosokotwa sana.

Sasa tutazame jinsi udugu wa pili ulivyoingia. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeri mwaka 1868, walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakakaa kusini mwa ziwa, wasirudi hata mwaka 1885. Muda wa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri. Kanisa halikufa, kwa sababu wanaume wa kawaida walilishika mikononi. Huko Mityana Mathias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu, waliobatizwa mwaka 1882, waliwakusanya watu nyumbani na kuwafundisha; pamoja nao akajiunga Noe Mawaggali, mfinyanzi. Wote watatu waliuawa kwa ajili ya dini mwaka 1886, na Kanisa liliwatangaza kuwa watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Twaomba wasomaji waone utaratibu huo: katika nchi hizi za ziwa, utumishi wa walei wanaume haukuja baada ya parokia kujengwa. Ulitangulia, na parokia ikajengwa juu yake.

Kutoka Buganda moto huo ukavuka kusini. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, Monsinyori Hirth aliondoka pamoja na Wakatoliki wengi, akafika Kiziba, na mwaka huo huo ikaanzishwa misioni ya Kashozi, iliyo mama wa misioni za Buhaya. Seminari ikaja kukaa Rubya, na mwaka 1917 wakapewa upadri mapadri Waafrika wa kwanza wa nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Lakini kati ya misioni moja na nyingine palikuwa na mwendo wa siku nyingi, na padri hakuweza kuwa kila mahali. Aliyekaa kijijini, aliyefundisha katekismu chini ya mti, aliyembatiza mtoto katika hatari ya kufa, aliyeongoza sala ya maziko, alikuwa mwalimu wa dini, mara nyingi mwanamume mwenye mke na watoto, anayelima migomba yake kama majirani zake.

Kwa mfano ulio bora wa watu hao yatupasa kutazama nje kidogo ya nchi yetu, Karema penye ziwa Tanganyika. Adriano Atiman, aliyeibwa utotoni katika Sudani ya magharibi akauzwa utumwani, alikombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alikaa huko akiwatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mtu wa parokia, naye alitumika miaka sitini na zaidi katikati ya watu ambao hakuwa na ukoo nao hata mmoja.

Hapo ndipo tofauti ya udugu ule mpya yaonekana. Kanisa nalo lilileta ndugu wasio wa tumbo moja, ila badala ya damu lilitumia maji. Mtoto alibatizwa, akapewa msimamizi, naye akawa baba yake wa roho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilihesabu jambo hilo kuwa undugu wa kweli, hata msimamizi hakuweza kumwoa aliyemsimamia pasipo ruhusa. Kizuizi hicho kiliondolewa katika sheria ya mwaka 1983. Wanyambo na Wahaya hawakuhitaji maelezo marefu ili kuelewa neno hilo, maana walikwisha kujua ya kuwa undugu waweza kufanywa. Jipya lilikuwa hili: aliyebatizwa hakuwachagua ndugu zake. Siku aliyotoka majini alikuta ya kuwa mtumwa wa jana, mtu wa ukoo uliodharauliwa, na mjane asiye na mtetezi, wote ni ndugu zake, wala hakuna aliyemwuliza kama awapenda.

Katika Ulaya na Marekani pia Wakatoliki waliunda vyama vya wanaume kwa njia mbili, na yafaa kuzijua zote mbili. Mwaka 1833 huko Paris kijana mwanafunzi Frédéric Ozanam, pamoja na wenzake wachache, alianza kuwatembelea maskini nyumbani kwao, akiongozwa na Sista Rosalie Rendu aliyeujua mtaa wa fukara. Hicho ndicho chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wanachama wake hawakukutana ili kusaidiana wao kwa wao. Walikutana ili kumwendea asiye mwanachama. Mwaka 1882 huko New Haven katika Marekani, Padri Michael McGivney aliwakusanya wanaume wa parokia yake, wengi wao jamaa za wahamiaji kutoka Ireland, wakaanzisha chama cha Mashujaa wa Columbus. Haja yao ya kwanza ilikuwa kwamba mwanamume akifa mapema, mkewe na watoto wasitawanyike kwa umaskini. Huo ulikuwa udugu wa kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu.

Njia zote mbili ni njema, na Kanisa limezikubali zote. Ozanam alitangazwa mwenye heri mwaka 1997, na McGivney mwaka 2020. Lakini hazilingani. Ya pili yafanana na *omukago* na vyama vyetu vya kuzikana. Vivyo hivyo kwa jirani zetu wa Ankole na Kigezi, ambako wanaume waliungana katika vikundi vya *engozi*, yaani machela, ili kuwabeba wagonjwa vilimani mpaka hospitali: aliyebeba jana hubebwa kesho. Njia ya kwanza haina kesho. Humbeba mtu ambaye hatakubeba kamwe.

Nchi ya Kagera imejaribiwa mara tatu katika njia hiyo ya kwanza ndani ya miaka ishirini. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi ya kaskazini ya mto, na watu wa huko wakakimbia kusini wakiwa na vile walivyoweza kubeba kichwani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliojulikana katika Tanzania walionekana mkoani Kagera. Vibanja vingi vikabaki na bibi mzee na wajukuu, na vyama vya kuzikana vikaelemewa, maana waliozoea kuchimba makaburi walikuwa wenyewe wakizikwa. Tena mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja au mbili, na kambi za wakimbizi zikafunguliwa Ngara na Karagwe. Katika wakimbizi hao walikuwamo watoto wasio na hatia, na pia watu wenye damu mikononi. Miti ilikatwa, mashamba yaliibwa. Kumpenda *omunyamahanga*, mtu wa mataifa, hakukuwa tena neno la katekismu. Kulikuwa kugawana maji ya kisima kimoja, mpaka walio wengi waliporudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996.

Majaribu hayo yalikuwa makubwa, na kila mtu aliyaona. Lakini twadhani jaribu lililo gumu zaidi ni dogo, tena halionekani kwa mbali. Huja siku chache baada ya maziko, wageni wakiisha kwenda na sufuria za jirani zikiisha kurudishwa. Ni habari ya mjane na kibanja.

Katika lugha za pande hizi mjane huitwa *omufakazi*, na katika neno hilo kufa na uanamke vimefungwa pamoja. Kwa mila ya ukoo, kibanja ni cha *oruganda*. Mwanamke aliyeolewa alitoka ukoo mwingine, basi mumewe akifa yeye huwa kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliyaandika hayo waziwazi: mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa za ukoo, naye atunzwe na watoto wake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kesi iliyotoka Kagera, ya mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo; jamaa yake wa kiume alitaka mauzo hayo yavunjwe. Jaji Mwalusanya aliamua ya kuwa mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zimetamka ya kuwa haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini hukumu na sheria ziko mjini, na baraza la ukoo liko kijijini.

Ni akina nani wanaokaa katika baraza hilo? Ni wanaume, na wengi wao wamebatizwa. Mtu yule yule aliyechimba kaburi siku ya Jumatatu kwa mapendo, aweza siku ya Jumamosi kuketi na ndugu zake na kumwambia mjane arudi kwao. Wala hatambui ya kuwa ametenda mambo mawili yanayopingana, maana katika yote mawili amekuwa mwaminifu kwa ndugu zake. Hapo udugu wa damu umeushinda udugu wa maji, tena bila kelele. Mtume Yakobo alifundisha ya kuwa dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Hakutaja kuwazika waume zao tu.

Kanisa limewaita walei kwa sauti iliyo wazi. Mwaka 1953 wajumbe wa Afrika walikutana Kisubi katika Uganda kushauriana juu ya utume wa walei. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya utume huo, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi yao. Wanawake wa Tanzania walitangulia kuunda chama chao, WAWATA, mwaka 1972. Wanaume nao wana utume wao, unaojulikana kwa jina la UWAKA. Basi vyombo vipo. Swali ni vitumike kwa kazi gani. Chama cha wanaume kinachokusanya michango, kuvaa sare, na kuzikana wenyewe kwa wenyewe ni chama chema, nasi hatukidharau. Walakini hakijapita *omukago* isipokuwa kwa hesabu ya watu.

Kwa hiyo twawashauri walimu na mapadri mambo matatu. La kwanza, msiidharau mila ya kuzikana na kubebana. Ni udongo mzuri, na mbegu hailaumu udongo. Waelezeni watu maneno yao wenyewe, *omukago* na *omunywani*, wapate kuona jinsi ubatizo ulivyoupanua ukuta wa nyumba waliyokwisha kuijenga. La pili, kila chama cha wanaume kiwe na kazi moja walau ambayo faida yake haiwezi kumrudia mwanachama: mgonjwa asiye na jamaa, mtoto yatima wa dhehebu jingine, mtu wa kuja asiye na ukoo. La tatu, na hili ndilo zito, wanaume wa parokia wafundishwe kusimama na mjane katika baraza la ukoo, si kwa kumpelekea ndizi tu, bali kwa kusema neno mbele ya kaka zao wenyewe. Neno hilo lina gharama. Mtu aweza kuchukiwa na jamaa zake kwa ajili yake, na pengine kukosa sehemu ya urithi.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius wa tisa alimtangaza kuwa msimamizi wa Kanisa lote mwaka 1870, alimlinda mama na mtoto, wala mtoto hakuwa wa damu yake. Alisafiri nao ugenini, akawalisha kwa kazi ya mikono. Ndiyo sababu wanaume Wakatoliki humheshimu kama kiongozi wao. Yafaa basi, wakiisha kuimba siku ya sikukuu yake, wamwulize mwalimu wao ni mjane yupi katika mtaa wao ambaye mpaka wa kibanja chake umesogezwa mwaka huu, na ni nani kati yao atakayekwenda kuurudisha.